Sura ya Nne: Zamu ya Nani?

Mpepai ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Mbinga, mkoani Ruvuma, lakini mgeni atakayefika huko akiutafuta mji atatafuta sana. Mji uko kwenye mhuri wa halmashauri. Maisha ni ya shamba. Kwa hiyo barabara huko haihusu foleni wala taa za mitaani. Inahusu gunia la mahindi kumfikia mnunuzi kabla bei haijashuka, mjamzito kufika hospitali usiku wa Februari, na mfanyabiashara wa Mbinga mjini kukubali kuleta Fuso badala ya kusema atakuja mvua zikikatika.

Ubovu wa barabara unapolalamikiwa, jibu la kwanza la viongozi halibadiliki: wananchi washiriki. Na wananchi wanaelewa vizuri wanachoambiwa. Wanaambiwa waje na majembe.

Sura hii haipingi jembe. Inadai tu kwamba watu wa Mbinga hawajapungukiwa na moyo wa kazi ya pamoja. Wanachonyimwa ni kuijua zamu: ni nani anayepanga barabara ipi itengenezwe kwanza, anaipanga wapi, kwa kigezo gani, na yao itafikiwa lini. Mtu anayeijua zamu yake huchimba hata mtaro wa jirani. Asiyeijua ataona kila wito wa nguvukazi kuwa ni usumbufu, na atakuwa na haki.

Ngokela

Wamatengo, wenyeji wa nyanda za juu za Mbinga, wana utaratibu wa kazi wanaouita ngokela. Mwenye shamba anawaalika majirani, anaandaa chakula na pombe, watu wanalima kwa pamoja hadi kazi inaisha. Kesho au wiki ijayo ni shamba la mwingine. Hakuna daftari, lakini kila mmoja anajua amelima kwa nani na nani bado hajaja kulima kwake. Nguvu ya ngokela iko hapo. Kazi inaonekana, mwisho wake unaonekana, na malipo yake yanarudi kwa njia inayojulikana.

Watu hawa pia wanayajua maji. Kilimo chao cha ngoro kimewavutia watafiti kutoka mbali, hasa Japani. Mwishoni mwa masika, yapata mwezi Machi, majani hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana juu ya mteremko, kazi ambayo kwa desturi ni ya wanaume. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani hayo. Mlima mzima hubaki na vishimo vilivyopangwa safu kwa safu. Maharage hupandwa juu ya kingo, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hukaa kwenye vishimo yakazama taratibu, hayapati nafasi ya kukimbia na udongo. Milima mikali ambayo kwingine ingekwisha kuwa makorongo imelimwa hivyo vizazi na vizazi.

Basi kuna jambo la kushangaza. Jamii iliyoyatuliza maji shambani inayaacha yaishinde barabara inayopita kando ya shamba lile lile. Si suala la kutojua. Shamba lina mwenyewe na zamu inajulikana. Barabara, machoni pa wengi, ni ya serikali, na serikali iko wilayani.

Wamatengo walikuwa pia na sengu: wanaume wa ukoo mmoja wakikusanyika kwa mzee wao, wakila pamoja na kuzungumza mambo ya familia. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2004, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa kushirikiana na shirika la Japani la JICA kilifanya kazi katika vijiji vya nyanda hizi, kikiwemo Kindimba, na wanakijiji wakaifufua sengu kama kamati ya maendeleo. Kindimba walijenga kinu cha kusaga nafaka kinachoendeshwa na maji, kwa nguvu zao na usimamizi wao. Mradi ule ulifaa kwa sababu mjadala ulitangulia mchango. Lakini sengu ya asili ilikuwa ya wanaume, na hilo tutalirudia, kwa sababu mikutano mingi ya barabara bado ni sengu ya namna hiyo bila kutajwa jina.

Kumbukumbu ya kulazimishwa

Anayeitisha nguvukazi Ruvuma anapaswa kukumbuka kwamba kazi ya barabara ina historia yake, na haikuanza kwa hiari. Enzi ya ukoloni, aliyeshindwa kulipa kodi ya kichwa aliweza kupelekwa kuifanyia kazi, na barabara ilikuwa miongoni mwa kazi hizo. Baada ya uhuru wito ukawa wa kujitolea kujenga taifa, na watu wengi walijitolea kwa dhati.

Ruvuma ilikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa chama cha TANU walianzisha kijiji cha Litowa, wilayani Songea, na mwaka 1963 ikazaliwa Ruvuma Development Association, umoja uliokuja kuwa na vijiji zaidi ya kumi. Ntimbanjayo Millinga alikuwa miongoni mwa viongozi wake, na Mwingereza Ralph Ibbott alikuwa mshauri. Wanakijiji walipanga wenyewe nini kilimwe, shule ifundishe nini, mashine ya kusaga iwekwe wapi. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo na mali zake zikachukuliwa. Viongozi wa mkoa hawakupenda vijiji vinavyoamua bila wao.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1972, mpango wa Madaraka Mikoani uliziondoa halmashauri za wilaya zenyewe. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji, na zikaanza kazi tena mwaka 1984. Katiba nayo, katika ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kizazi cha wazee wa Mpepai kimeyaona yote: kuamua, kunyang'anywa, kurudishiwa kwa maandishi. Wanapoitwa mkutanoni leo wakakaa kimya, kimya hicho kina sababu.

Barabara iko kwenye daftari la nani?

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara za umma katika makundi mawili. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza kazi mwaka 2000. Barabara za wilaya, ambazo ni za mkusanyo, za mlisho na za jamii, tangu tarehe 1 Julai 2017 ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara Vijijini na Mijini. Mtandao wa TARURA unazidi kilomita 144,000 nchi nzima, na sehemu kubwa mno ni udongo mtupu.

Kwa mkazi wa Mpepai mgawanyo huu una maana kubwa. Barabara ya lami kutoka Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, iliyojengwa kwa fedha za Marekani kupitia mfuko wa MCC, na ile ya kutoka Mbinga kushuka hadi Mbamba Bay, iliyogharamiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni kazi ya TANROADS. Zimebadilisha safari ya kwenda Songea na ziwani Nyasa. Lakini gunia halianzii kwenye lami. Linaanzia uani, linapita njia ya jamii, linaingia barabara ya mlisho, ndipo linaifikia lami. Kipande kibovu cha kilomita chache za mwanzo ndicho kinachopanga bei ya mkulima, kwa kuwa mnunuzi hukata gharama ya ubovu wote kwenye kilo.

Fedha za matengenezo hutoka hasa kwenye Mfuko wa Barabara, ambao hujazwa na tozo ya mafuta. Kwa muda mrefu mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara za kitaifa na 30 kwa za wilaya. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya TARURA, na mwaka huo huo serikali ilitoa shilingi milioni 500 kwa kila jimbo kwa ajili ya barabara za vijijini. Maana yake ni kwamba kijana wa bodaboda anayejaza mafuta Mbinga mjini ameshachangia barabara ya Mpepai kabla ya kushika jembe. Asiombwe mchango kana kwamba hajatoa kitu.

Lipo pia jambo la daftari. TARURA hutunza takwimu za barabara zake katika mfumo unaoitwa DROMAS. Barabara iliyomo humo ina jina, urefu, daraja na hali yake. Isiyomo haina hoja ya kudai fedha za matengenezo. Kijiji kinaweza kujichimbia njia ya kilomita tatu kwa jasho la miaka miwili, na bado, kwa upande wa bajeti, njia hiyo ikawa haipo. Kuiombea njia hiyo usajili ni ushiriki wenye thamani kuliko siku kumi za kufyeka.

Kiti cha uamuzi kilipohama

Kabla ya mwaka 2017 mhandisi wa barabara alikuwa mtumishi wa halmashauri. Diwani aliweza kumhoji kwenye baraza, na mwananchi aliweza kumhoji diwani. TARURA ilipoanza, wahandisi na bajeti vilihamia kwenye wakala. Sababu zilikuwepo: fedha za barabara zilikuwa zikichepushwa kwa matumizi mengine, na wataalamu walikuwa wachache mno kutawanywa kila halmashauri. Lakini madiwani sehemu nyingi nchini walilalamika kwamba wanabeba lawama za barabara wasizozipangia chochote. Serikali ikasisitiza mameneja wa TARURA wahudhurie vikao vya halmashauri na kupokea vipaumbele kutoka huko.

Kijijini penyewe mfuko ulikuwa umeshakauka. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, watu walishangilia, na walikuwa na haki, maana ilikusanywa kwa kukimbizana vichakani. Lakini pamoja nayo kiliondoka chanzo ambacho kijiji kingeweza kukitumia kununua hata kalavati moja. Kilichobaki mkononi mwa kijiji ni nguvu za watu na mdomo. Wilaya imezoea kuomba nguvu, mdomo hauombwi.

Hata hivyo milango ipo. Mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Muhtasari wake huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ni mwenyekiti wake, kisha halmashauri. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaojulikana zaidi kama O&OD, unataka mipango ianzie kijijini. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, na Bunge hupitisha bajeti kati ya Aprili na Juni. Kwa hiyo kijiji kinachoanza kulalamika Machi, magari yakiwa yamekwama, kimechelewa mwaka mzima. Vipaumbele vinatakiwa kuwa mezani kabla ya Krismasi, wakati vumbi bado linakumbukwa na matope ndiyo kwanza yanaanza.

Mtaro na shamba la maharage

Tuitazame sasa barabara yenyewe, kwa karibu.

Barabara ya udongo inayodumu ina mgongo: katikati iko juu, pembeni chini, ili maji yasikae. Kila upande kuna mtaro. Penye mteremko, mtaro hauwezi kubeba maji yote hadi chini bila kugeuka korongo, kwa hiyo kila baada ya umbali fulani hukatwa mchepuo unaoyatoa maji nje ya barabara. Penye kijito kuna kalavati. Greda linaweza kuchonga yote haya kwa siku chache. Baada ya hapo kazi ni ya kuyalinda.

Mchepuo unatoa maji kwenda wapi? Kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba anaamka asubuhi baada ya mvua ya usiku, anakuta maharage yamelala chini ya matope ya barabara. Anachukua jembe, anauziba mchepuo. Hajakosea kwa akili yake. Familia yake italala njaa kwa ajili ya gari lisilo lake. Maji, yakikosa pa kutokea, yanashuka na mtaro, yanazidi kina, yanakata ukingo, yanaingia katikati ya barabara. Msimu mmoja wa masika unatosha. Greda lililolipiwa mamilioni limeshindwa na jembe moja.

Hakuna mhandisi awezaye kulimaliza jambo hili peke yake, na hakuna mgambo atakayelinda kila mchepuo. Linamalizwa na watu wanaofahamiana: maji yaelekezwe kwenye mpaka wa mashamba mawili badala ya katikati ya moja, yachimbiwe shimo la kuyapokea, au yaingizwe kwenye ngoro ambazo tayari zinajua kazi hiyo. Aliyepoteza kipande cha shamba alimiwe kwa ngokela kipande kingine. Kisha makubaliano yaandikwe kuwa sheria ndogo ya kijiji, pamoja na katazo la kulima hadi ndani ya mtaro na la kupitisha malori mazito barabara ikiwa imelowa. Ushiriki wa jamii hapa si pambo la ripoti. Bila huo, barabara haiponi.

Swali la malipo halikwepeki. Kenya, kuanzia mwaka 1974, ilikuwa na mpango wa barabara za vijijini uliotumia nguvukazi badala ya mitambo mikubwa, na takriban kilomita 8,000 zilijengwa. Ujenzi ulipokwisha, baadhi ya waliofanya kazi walipewa kila mmoja kipande kisichozidi kilomita 2 karibu na nyumbani kwake, akilipwa kwa siku chache za kila wiki ili azibue mitaro, afyeke na kujaza mashimo. Kipande kikiharibika, kila mtu alijua aulizwe nani. Tanzania nayo imekuwa ikitoa kazi ndogo za matengenezo kwa vikundi vya jamii, na mfuko wa TASAF umelipa kaya maskini ujira wa muda kwa kazi kama hizo.

Njia hii ni ya haki kuliko nguvukazi ya bure, kwa sababu bure haiwaangukii wote sawasawa. Mwenye duka anamtuma kijana au analipa faini. Mama mwenye watoto wanne anakuja mwenyewe. Ya kujitolea ibaki kwa njia ndogo za ndani ya kitongoji ambazo anayechimba ndiye anayepita. Barabara ya mlisho inayobeba mazao ya kata nzima ilipiwe kutoka fedha za tozo, na ujira uwaendee wanaoishi kando yake.

Barabara ya nani inatengenezwa kwanza?

Kwenye milima ya Livingstone, wilayani Makete, Shirika la Kazi Duniani liliendesha mradi wa usafiri vijijini kuanzia mwaka 1985. Walipohesabu safari za watu waligundua kwamba sehemu kubwa ya usafirishaji haikuwa ya gari wala haikupita barabarani. Ilikuwa ya mguu, ya kichwa, na ya wanawake: maji, kuni, nafaka kwenda kusagwa, mazao kutoka shambani. Mradi ukatengeneza vijia na madaraja ya miguu, ukahimiza punda, ukasogeza mashine za kusaga. Barabara za magari zilifanyiwa kazi pia, lakini hazikuwa jibu pekee.

Hapo ndipo tunapoirudia sengu. Mkutano wa wanaume ukiulizwa barabara ipi itangulie, utataja ile ya lori la mazao, kwa kuwa fedha ya mauzo hupita mikononi mwao. Wanawake wakiulizwa, huenda wakataja kivuko cha mtoni ambacho watoto hawavuki mvua ikinyesha. Zote ni hoja za kweli. Kilimo cha Mbinga kinategemea lori, na mtoto anategemea kivuko. Lakini mkutano unaoitishwa saa nne asubuhi ya siku ya palizi, wanawake wakiwa shambani, umeshaamua kabla haujafunguliwa.

Kuuliza na kupima

Serikali za vijiji na mitaa zilichaguliwa upya tarehe 27 Novemba 2024, kwa miaka mitano. Mwenyekiti anayetaka kujua kama anaongoza ushiriki au anasimamia vibarua wa bure ajiulize kama kijiji chake kina majibu ya maswali matatu. Ni barabara zipi zetu zimesajiliwa, na kwa daraja gani? Mwaka huu fedha kiasi gani zimepangwa, kwa kipande kipi? Na mwakani foleni ikoje, kwa sababu gani?

Mkandarasi akija, yaongezwe mengine: urefu wa kipande, idadi ya kalavati, unene wa changarawe. Changarawe mara nyingi hutakiwa kufikia sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Hicho ni kipimo ambacho mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kukihakiki kwa rula, kwenye kishimo kidogo kilichochimbwa ukingoni. Kijiji chenye nakala ya kazi zilizoagizwa na rula ya shule kinaweza kumkatalia mkandarasi mchana kweupe. Kisichonavyo kitalalamika baada ya gari la mkandarasi kuondoka.

Majibu haya yakibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, hata jibu baya lina faida. Kitongoji kitakachosoma kwamba zamu yake ni mwaka wa tatu kitanung'unika, lakini kitajua kinangoja nini, na kitakuwa na tarehe ya kumshikia diwani. Kitakachoambiwa kila mwaka "tuko kwenye mchakato" hakina cha kungoja wala cha kudai.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu ujao, Mpepai na kwingineko, mtendaji asome mpango wa barabara kwanza, uulizwe maswali, ujadiliwe, upigiwe kura. Ajenda ya nguvukazi ije baada ya hapo. Ikitangulia, wananchi wairudishe.